PAYE ya mfanyakazi aliyeko Unguja iende wapi?

Mhariri,

Mwezi uliopita mpwa wangu aliyeko Glasgow alinitumia kwa WhatsApp picha ya salari slipu yake. Nilimuomba mwenyewe, maana kwa miaka 26 kazi yangu ilikuwa mishahara, na maradhi hayo hayajanitoka. Yeye yuko kwenye ghala la kampuni ambayo makao yake makuu ni London. Jicho langu likaenda moja kwa moja kwenye namba ya kodi: S1257L. Nikamuuliza, hiyo S ni ya nini? "Ya Scotland, mjomba," akajibu, akarudi kulala, kwani alikuwa ametoka shifti ya usiku.

Herufi hiyo ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Tangu Aprili 2017, Bunge la Scotland lililoko Edinburgh hupanga lenyewe viwango na madaraja ya kodi ya mishahara ya wakaazi wake. Mkusanyaji ni yule yule, HMRC, mamlaka ya mapato ya Uingereza nzima. Kinachoangaliwa ni mtu anaishi wapi. Mwajiri awe London au popote pale, maadamu nyumba ya mpwa wangu iko Glasgow, kodi yake huhesabiwa kwa viwango vya Edinburgh na fedha huandikwa kwenye hesabu ya Scotland.

Sasa nije kwetu. Nilikuwa karani wa hesabu katika taasisi moja ya Muungano, tawi la Unguja. Tulikuwa wafanyakazi 43. Kila mwezi nilikusanya mahudhurio, likizo na makato ya mikopo, nikafunga bahasha ikaenda makao makuu Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi. Mishahara ilipokuja ilikuwa imeshakatwa PAYE, yaani kodi ya mapato ambayo mwajiri huikata kwenye mshahara, na PAYE imeshalipwa huko huko. Sisi tuliikuta kwenye karatasi tu. Na sote 43 tulikunywa maji ya Zanzibar (siku yalipotoka), watoto wetu wakasoma skuli za SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar), wazee wetu tukawalaza hospitali ya Mnazi Mmoja.

Najua suala hili si geni. Kodi ya mapato imo katika yale mambo 11 ya Hati za Muungano za 1964, na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ilitungwa na Bunge la Muungano, si Baraza la Wawakilishi. Inayokusanywa na TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, hapa Zanzibar hutumika hapa hapa. Utata ulikuwa kwa watu wa aina yangu, tunaokatwa ng'ambo, yaani Tanzania Bara. Wakubwa wakakaa wakazungumza, na kwa miaka kadhaa hotuba za bajeti za Muungano zikawa zinataja shilingi bilioni 21 kwa mwaka za kuipa Zanzibar kwa ajili ya PAYE hiyo.

Bilioni 21 si haba. Lakini karani wa mishahara hakuzoea kupokea jumla isiyo na orodha. Zimetoka kwa wafanyakazi wangapi? Tawi likiajiri wengine kumi, au mishahara ikipandishwa Mei Mosi, jumla nayo inasogea? Kodi ya mshahara ina jina la mtu, ina mwezi, ina senti zake. Ukishaigeuza kuwa fungu la makubaliano, inakuwa kama mkono wa Idi: unapokea, unashukuru, na ni aibu kuhesabu mbele ya aliyekupa.

Ombi langu ni dogo. Mwajiri tayari hupeleka TRA orodha ya majina na makato ya kila mmoja. Iongezwe alama moja inayoonyesha mfanyakazi anaishi upande gani, na PAYE ya aliyeko Unguja au Pemba iingie kwenye hesabu ya Zanzibar mwezi ule ule, hata kama mshahara umeandaliwa Dar es Salaam au Dodoma.

Kuhusu kujipangia viwango wenyewe, mimi sina haraka. Wanaopiga meza wakitaka mamlaka kamili waangalie na upande wa pili wa daftari la Scotland. Ruzuku kutoka London hupunguzwa kwa makadirio ya kodi ambayo London imeiachia, na makusanyo yakizorota, pengo ni la Edinburgh. Kodi ya makampuni haikuachiwa kabisa, wala ya riba na gawio. Hapa kwetu kuna mtu anataka kodi yote, kisha na ile asilimia 4.5 ambayo Zanzibar hupewa kutoka misaada ya kibajeti ya wafadhili isiguswe. Hesabu hiyo mimi nisingeipitisha.

Tume ya Pamoja ya Fedha, ya serikali zetu mbili, ipo kwa mujibu wa Ibara ya 134 ya Katiba ya Muungano, na kazi ya namna hii ndiyo yake. Salari slipu zangu zote, kuanzia ya kwanza, zimo kwenye sanduku chini ya kitanda. Akitokea mtu wa Tume anayetaka pa kuanzia, anikute nyumbani baada ya sala ya alasiri.

Mstaafu,
Mwembetanga, Unguja