Mota ya feni, tafadhali

Moshi, Jumapili usiku

Rama ndugu yangu,

Salaam nyingi. Huku wazima. Mama anakusalimu na anauliza umeoa lini mbona hakualikwa. Najua nimenyamaza tangu msiba wa babu yake Eliya, lawama utanipa tukionana. Leo nina shida ya haraka.

Ni lile gari langu, Noah. Usicheke. Jumamosi ya wiki ijayo nampeleka mama huko Dar kwenye sendoff ya Neema. Yeye na shangazi watakaa nyuma, na joto la kuanzia Same hadi Mombo unalijua. Mbele AC inanigandisha magoti, nyuma tanuri. Mwezi uliopita nimejaza gesi mara mbili, kila fundi na wimbo wake, "imepungua, bosi". Gesi ya AC si petroli bwana, haiungui ikaisha! Ikipungua imevuja, na ingevuja hata mbele kusingekuwa na ubaridi ule. Hela ndiyo imeshakwenda.

Juzi nikashika kipande cha tishu kwenye tundu la nyuma, feni namba ya mwisho. Hakikutikisika. Nikaenda kwa yule kijana wa Majengo aliyekutengenezea redio. Akafungua paneli. Rama, evaporeta, kile kipoza hewa cha AC ya nyuma, imevaa blanketi! Vumbi la miaka yote ya kubeba watoto wa shule, nywele, maganda ya karanga, na tiketi moja ya basi. Akaiosha polepole kwa brashi laini na maji, vile vibati vyake vyembamba visilale. Akazibua pia mpira wa kutolea maji, ulikuwa umeziba. Kumbe ndio uliokuwa unalowesha kapeti, mimi namsingizia mtoto wa dada. Upepo ukaanza kupita, ila mota inalia kama panya aliyebanwa mlangoni na inazunguka kivivu. Akapima na tesa, kile kipimo cha umeme: umeme unafika, volti 12 na ushei. Mota yenyewe ndiyo imechoka.

Shemeji yako anataka ninunue feni ndogo za kubandika. Zitazungusha joto lile lile. Jirani naye kavuta bomba la mashine ya kufulia toka tundu la mbele hadi siti ya nyuma, gari lina utumbo nje, lakini... haya, tusimseme, kidogo linapoza.

Hapa mjini wananiuzia yuniti nzima, mota peke yake hawataki. Ya feni ya mbele haiingii, tumejaribu.

Sasa, Ilala bado unapita? Yule mzee wako wa spea yupo, au kahama? Naweza kupata mota ya nyuma iliyotumika, Noah ya 1999, ikiwa na plagi yake? Utaiunga kwenye betri kwanza uisikie kabla hujalipa? Ikizidi elfu hamsini utanipigia? Basi la asubuhi likiondoka Alhamisi utaliwahi?

Na kweli, umeoa?

Wako,
Joe