Malalamiko: mlifunga tovuti yangu bila amri ya mahakama

Kisumu,
14 Julai 2025.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: KUFUNGWA KWA TOVUTI NA KUTOLEWA KWA NAMBA YANGU YA SIMU

Mimi ni mwandishi wa habari za mtandaoni, mteja wenu kwa miaka minne, mnayenihifadhia tovuti kwenye mitambo yenu, na sijawahi kuchelewesha malipo. Jumatatu iliyopita niliamka nikakuta tovuti yangu imefungwa. Hamkunipigia wala kuniandikia. Nilipouliza, mhudumu alisema tu kwamba mwenye kiwanda nilichokiandika amelalamika.

Habari yenyewe ilihusu maji machafu ambayo kiwanda hicho kinamwaga Mto Kisat, unaoingia Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, ziwa tunalolivua na kulinywa. Kina mama wa mtaa wa Obunga walinionyesha maji yalivyobadilika rangi, nikapiga picha. Kabla ya kuchapisha, nilimwomba mwenye kiwanda maoni yake mara mbili. Alinyamaza, kisha akaja kwenu.

Kama nimemchafulia jina, sheria imempa njia. Kashfa ni kesi ya madai, na ana miezi 12 ya kuifungua. Kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoifanya kuwa jinai, kilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka wa 2017. Kifungu cha 33 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza; hakikutaja gazeti wala kadi ya mwandishi. Kinanitaka pia niheshimu jina la mwenzangu, ndiyo maana niko tayari kujibu mbele ya hakimu. Nyinyi si hakimu. Mlisikiliza upande mmoja mkahukumu.

Lililoniuma zaidi lilikuja jioni ile ile. Mtu nisiyemjua alinipigia, akanitajia jina langu kamili na mtaa ninakoishi, akaniambia nifikirie watoto. Namba ile niliwapa nyinyi peke yenu, siku ya kujisajili. Tangu hapo wanangu wanalala kwa dada yangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuwaruhusu kuitoa kwa yeyote aliyekuja kuiomba.

Nataka tovuti ifunguliwe, nipewe nakala ya malalamiko hayo, na mniandikie data yangu alipewa nani, lini, na nani ofisini mwenu aliidhinisha. Nikikosa jibu kwa siku 7, nitakwenda kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inampa siku 90 kuchunguza na kuamua.

Nakala ya habari ninayo, na picha zote.

Wenu mwaminifu,
(Sahihi)
Mwandishi wa habari, Kisumu