Barua kwa Mwanangu Kabla Hujapanda Ndege

Likoni, Jumapili usiku

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Nimekupigia mara nne tangu jana, simu yaita tu, na kwenye WhatsApp nakuona uko mtandaoni. Basi nimeshika kalamu. Dadako ataipiga picha barua hii akutumie, na zile tiki zikigeuka bluu nitajua umesoma.

Nakuuliza tena: hiyo ofisi ya Thailand iliyokupa kazi iko mtaa gani? Usiniambie Bangkok. Bangkok ni mji mzima. Nataka jina la kampuni, jina la mtu atakayekupokea uwanja wa ndege, na nani aliyelipa tiketi. Uliposema "Mama, wanalipa wao kila kitu", hapo ndipo usingizi uliponiruka. Nimeuza mahamri miaka 22, hakuna mtu nisiyemjua aliyewahi kunilipia hata nauli ya matatu.

Wala usianze kusema mamako anaichukia mitandao. Ni wewe uliyenifungulia WhatsApp ukanifundisha kuyapiga picha mahamri yangali yafuka moshi. Siku hizi oda za harusi zaingia kabla ya adhana ya alfajiri, na karo ya dadako ya muhula huu imetoka humo humo. Na Juni 2024, siku Bunge lilipovamiwa, nilikaa na simu mapajani mpaka ulipoweka picha ya viatu vyako vimejaa matope, ukaandika "nipo". Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi Mswada wa Fedha, ukanipigia ukicheka. Nilikutukana, najua. Lakini asubuhi nilimwonyesha kila mteja ile picha ya viatu.

Lakini lile lilikuwa jambo la hadharani. Vijana wenzako waliufasiri mswada kwa lugha za makwao, na aliyekosea alisahihishwa na watu mia papo hapo. Hili lako limekwenda kinyume. Limeanza na tangazo la Facebook, kisha yule mtu wa tangazo akataka mhamie Telegram, kisha akakwambia usimwambie mtu mpaka viza itoke. Kazi ya halali yafichwa nini?

Wale walioitwa Thailand kwa kazi ya kompyuta, umewasikia. Wakavushwa mto Moei, wakajikuta Myanmar, pasipoti zimechukuliwa. Februari 2025 maelfu walitolewa kwenye zile kambi za Myawaddy, na Wakenya zaidi ya 60 walikuwa miongoni mwao. Si kwamba hawakusoma. Ndiyo maana walitakiwa, wajua Kiingereza na kompyuta, kama wewe. Walikeshezwa wakijifanya wanawake wazuri, wawaibie watu wa Marekani kwa mapenzi ya uongo, na anayekataa apigwa. Mimi kupigwa kwako kwanitisha, lakini kuna jingine. Wewe uliyenikataza nisibonyeze linki nisiyoijua, ukalishwe kiti huko utege kina mama kama mimi?

Nenda Mamlaka ya Ajira, ile NEA, wana orodha ya mawakala waliosajiliwa. Huyo wako akiwa hamo, basi. Viza ya utalii hairuhusu kazi, usikubali ahadi kwamba utaibadilisha ukifika. Pasipoti ipige picha umtumie dadako. Na ule vizuri, hiyo picha ya juzi shingo imekuwa kama ya mbuni.

Najua utauliza ni nani aliyekutumia tangazo lenyewe. Haya, lilikuja kwenye grupu la chama, lina picha ya ndege na bendera, nikakusukumia bila kufika mwisho. Wiki ile mwana wa jirani alikuwa ametuma pesa kutoka Qatar, wakajenga ukuta. Labda ule ukuta niliutaja zaidi ya mara moja. Wewe nawe, miezi minane chali na simu usoni, hata kunipelekea ndoo ya mahamri barabarani ulipokuja Idd hukutaka. Mwenye diploma! Mwalimu wako mwenyewe alinipigia kunipongeza siku ulipoipata, na siku hizi nikiulizwa mwanao afanya nini, nageuza maneno.

Kama ofisi ipo kweli na jina lake laonekana, nitakuombea dua nikufungie na achari. Sitaki kukuzuia riziki. Nataka mtaa tu.

Paa la jikoni limeanza kuvuja tena, pale pale juu ya jiko. Fundi ataka 4,500 na mabati ninunue mwenyewe, nimemwambia angoje mwisho wa mwezi. Mjomba wako amekuja kuichukua blenda yake, sasa nasaga nazi kwa kuazima. Paka amezaa ndani ya lile sanduku la vitabu vyako, wanne, sijawatoa.

Umesema tiketi ni ya Alhamisi. Jumanne usiku napanda basi, Jumatano asubuhi niko Nairobi na mahamri na mbaazi. Lakini uliniambia umehama Kayole, hukunambia umehamia wapi. Basi anza na huo mtaa wako mwenyewe, nijue pa kushuka.

Ni mimi,
Mamako