Petroli yenye ethanoli si ya kila gari, mhariri

Mhariri,

Miaka yote nakusoma sijawahi kukuandikia, ila ile ripoti yenu ya mafuta ya mimea imenikera. Eti ethanoli, ile spiriti ya miwa na mahindi, unamimina tu kwenye gari lolote na safari inaendelea. Nani kawaambia?

Gari langu la zamani, la kabureta. Nilijaza nusu tangi, kwenye pampu hapajaandikwa popote kwamba petroli imechanganywa, nikaliacha limepaki miezi miwili. Kuja kuwasha, linakohoa linazima, linakohoa linazima. Fundi akakinga mafuta ya tangi kwenye chupa ya kioo akaniambia tulia uangalie. Yakajigawa, juu petroli, chini majimaji yenye ukungu, katikati mstari kabisa. Ethanoli inavuta maji jamani, hata unyevu wa hewani inaunyonya, maji yakizidi inaachana na petroli inazama nayo chini. Mipira ya kupitishia mafuta nayo imevimba, ukiiminya inabonyea. Brazili wameanza mpango wa ethanoli tangu 1975, na kuanzia 2003 wanauza magari yaliyotengenezwa kabisa kwa ajili hiyo, mipira inayostahimili, kompyuta inapima mchanganyiko, sasa mbona hilo hamkuandika! Wala hamkusema lita ya ethanoli ina nguvu pungufu ya petroli kwa karibu theluthi moja, yaani ukiitumia yenyewe utarudi pampu mara nyingi zaidi.

Tena mbono kaburi, ule mmea ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kuendeshea injini za dizeli. Magazeti yaliisifia eti inaota hata penye ukame. Kuota inaota, lakini bila maji na mbolea haizai mbegu za maana, mkulima aliyeng'oa chakula akapanda mbono kabaki na vichaka. Aliyerudi kumwandika huyo nani?

Mimi sipingi mafuta ya mimea, injini ya dizeli ilishaendeshwa kwa mafuta ya karanga kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900. Nachotaka kila pampu iandikwe asilimia ya ethanoli kwa tarakimu kubwa kama za bei, na pembeni iwepo chupa ndefu ya kioo yenye alama za mililita. Mteja aweke maji 10, petroli 100, atikise, asubiri itulie. Maji ya chini yakipanda mpaka kama 20, ajue humo kuna ethanoli karibu asilimia 10, aamue mwenyewe kujaza au kuondoka.

Msomaji wenu wa siku nyingi