Risala ya Kikundi cha Wapangaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kupitisha Katiba ya Amana ya Ardhi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi mliopo, wazee wetu, wanachama wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwito wetu.

Mheshimiwa, wengi wetu tumewahi kuhama nyumba tulizokuwa tukizilipia kodi bila kukosa. Barabara ilitiwa lami, shule ikajengwa, mtaa ukapendeza, kisha kodi ikatushinda. Matofali na bati huchakaa kila mwaka. Kinachopanda bei ni ardhi iliyo chini yake, tena hupanda kwa jasho la mtaa mzima.

Kwa hiyo tumeamua kutenganisha nyumba na ardhi. Ardhi itashikwa na amana ya jumuiya, haitauzwa kamwe, mfano wa wakfu. Nyumba itakuwa mali ya mwenyewe. Ataikarabati na kuwaachia wanawe. Ardhi ataikodi kwa mkataba wa miaka 99, na akitaka kuuza, atafuata kanuni ya bei ya amana. Amana ya Burlington, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1984, humwezesha muuzaji kurudishiwa alicholipa pamoja na robo ya ongezeko la thamani. Tulibishana sana juu ya robo hiyo, maana wapo walioona muuzaji anapunjwa. Mama mmoja ndiye aliyetuliza kikao aliposema kwamba muuzaji huyo naye aliingia kwa bei nafuu kwa kuwa aliyemtangulia hakuondoka na chote.

Hatukubuni jambo hili. Huko Georgia, mwaka 1969, Wamarekani weusi waliokuwa wakitimuliwa mashambani kwa kudai haki ya kupiga kura walianzisha amana ya ardhi iitwayo New Communities, wakamiliki ekari zaidi ya 5,000. Mwaka 1985 ardhi yote ilikwenda kwa madeni, baada ya ukame na kunyimwa mikopo ya dharura kwa wakati. Kisa hicho kilituuma. Ndiyo maana katiba yetu inakataza kuweka ardhi rehani bila idhini ya mkutano mkuu. Hapa Afrika, wakazi wa Tanzania-Bondeni mjini Voi, Kenya, walichagua njia hii mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakihofia matajiri kununua viwanja na kuwaondoa.

Bodi itakuwa na theluthi ya wakazi wa nyumba za amana, theluthi ya majirani, na theluthi ya wataalamu na wawakilishi wa umma.

Mheshimiwa, ombi letu kubwa ni ardhi. Kabla kiwanja cha umma hakijapigwa mnada, amana ipewe nafasi ya kwanza, kwa kuwa mnadani hatutafua dafu. Pia tunaomba utuunganishe na mwanasheria wa kuandaa mikataba, na utusemee kwa mabenki yakubali nyumba iliyo juu ya ardhi ya amana kuwa dhamana ya mkopo.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama