Barua kutoka Göteborg: mtu aliyekiri mauaji ambayo hakuyafanya

Mwanangu Hamadi,

Salaam nyingi kwako, kwa baba yako na kwa wote hapo nyumbani. Swali lako la somo la ushahidi nimelipata: mtu akikiri kosa kwa hiari yake, wakili wake akiwa pembeni, na mahakamani asikane, mahakama inatafuta nini tena? Huku Sweden mahakama hazikutafuta zaidi, na yaliyofuata ni kesi ya Sture Bergwall, yule ambaye magazeti yalimwita Thomas Quick.

Alizaliwa mwaka 1950. Mwaka 1991 alihukumiwa kwa unyang'anyi wa benki, akapelekwa Säter, hospitali ya wahalifu wenye maradhi ya akili. Waliomtibu hapo waliamini kwamba mtu anaweza kusahau kabisa jambo la kutisha, kisha likamrudia kipande kwa kipande akiwa kwenye mazungumzo ya tiba. Kadiri alivyosimulia mazito ndivyo alivyosikilizwa, na dawa za kutuliza za jamii ya benzodiazepini alipewa kwa wingi. Mwaka 1993 akawakiria polisi kwamba alimuua Johan Asplund, mtoto wa miaka 11 aliyepotea Sundsvall Novemba 1980. Mengine yakafuata hadi yakapita 30, Sweden na nje yake. Kati ya 1994 na 2001 alitiwa hatiani katika kesi sita, kwa vifo vya watu wanane. Hapakuwa na damu yake, alama ya kidole wala silaha iliyomfunga na kosa hata moja.

Ichukue ya Therese Johannesen, uone mambo yalivyokwenda. Alikuwa na miaka 9 alipopotea Julai 1988, mtaa wa Fjell, mjini Drammen, Norway. Mwanzoni Bergwall alisema mtoto alikuwa na nywele za rangi ya dhahabu, na mahali penyewe pana nyumba ndogo ndogo kama kijijini. Therese alikuwa na nywele nyeusi, na Fjell ni mtaa wa maghorofa ya zege. Jibu kama hilo lingetosha kuwashtua wapelelezi. Badala yake wakaelezwa kwamba kumbukumbu iliyozikwa hutoka ikiwa imepinda, na kwamba anakosea kwa sababu ukweli unamuuma. Hapo ndipo kesi ilipoharibika, maana akipatia imehesabika, akikosea pia imehesabika. Hakuna jibu ambalo lingeweza kumtoa kwenye orodha ya washukiwa.

Alisema mwili uko msitu wa Ørje. Ziwa dogo la huko likapigwa pampu hadi likakauka, hakikupatikana kitu. Baadaye wakaokota vipande vidogo vilivyoungua, na wataalamu wakasema ni mfupa wa mtoto. Mwaka 1998 mahakama ikavipokea, akatiwa hatiani. Vilipopimwa upya mwaka 2010 vilionekana si mfupa kabisa: ni nyuzi za mti zilizochanganyika na gundi.

Utauliza alipata wapi yale aliyopatia. Mengi yalikuwa magazetini, na alipopewa ruhusa ya kutoka hospitali aliweza kwenda maktaba Stockholm kusoma magazeti ya zamani. Mengine aliyapata kwa muulizaji mwenyewe. Mtu akiulizwa mara tatu "una uhakika ilikuwa mkono wa kulia?" anajua kwamba ni wa kushoto. Kwenye mkanda wa video wa Appojaure, ambako mume na mke Waholanzi waliuawa hemani mwaka 1984, anaonekana amelewa dawa, anaigiza shambulio visivyo, wanapumzika, wakirudi anaigiza sawasawa. Majaji hawakuona mkanda wote. Wao walipewa maelezo ya mwisho, yaliyokwisha kunyooshwa.

Na hakuwepo wa kuyapinga. Mwendesha mashtaka alitaka ahukumiwe, mshtakiwa alitaka ahukumiwe, wakili wake hakumpinga mteja wake. Wazazi wa Johan ndio waliosema wazi kwamba hawaamini, wao ambao wangekuwa wa kwanza kutaka jibu. Hilo linaniumiza kuliko yote: waliofiwa walisoma faili kwa makini kuliko waliolipwa kulisoma.

Mwaka 2001 dawa zilipoanza kupunguzwa, Bergwall akanyamaza, na hakusema tena na polisi. Mwaka 2008 mwandishi wa televisheni Hannes Råstam alimfuata Säter akiwa ameshatazama ile mikanda, akamwambia alichokiona. Bergwall akakana yote. Hatia zikafutwa moja baada ya nyingine, ya mwisho 2013, na mwaka uliofuata akatoka hospitali. Wapo wakubwa wa sheria walioendelea kushikilia kwamba hukumu zilikuwa sahihi. Waliowaua wale watu, nao walipata miaka yote hiyo bila kutafutwa.

Sasa rudi kwenye vitabu vyako. Kesi ya Tuwamoi dhidi ya Uganda ya 1967, ambayo lazima mmeisoma, inamtaka jaji awe mwangalifu na ungamo lililokanwa: atafute ushahidi wa kuliunga mkono, au aridhike kabisa kwamba ni kweli. Ni kinga nzuri, lakini huamshwa na mshtakiwa anapokana. Bergwall hakukana mahakamani, na hiari yake peke yake haikuthibitisha kwamba aliyosema ni kweli.

Kwa hiyo ukipewa faili lenye maelezo ya onyo, yaani yale mshukiwa aliyowapa polisi baada ya kuonywa, usianze na yale yaliyosainiwa mwisho. Omba rekodi ya mahojiano ya kwanza kabisa, kabla hajapelekwa eneo la tukio wala kuonyeshwa picha. Chukua kila jambo moja moja uandike pembeni: nani alilitaja kwanza, tarehe gani, liliwahi kuandikwa gazetini, polisi walilijua kabla yake? Andika na aliyokosea, usiyaruke. Kisha tafuta lile ambalo polisi hawakulijua, yeye akalisema, wakaenda wakalikuta. Kwenye mafaili ya Bergwall halikupatikana hata moja. Uliza pia alikuwa anatumia dawa gani siku ile, na alipata nini kila alipoongeza neno.

Nitumie ile kazi ya darasani ukiimaliza, niisome. Baba yako mwambie nitampigia Jumapili.

Shangazi yako,
Mwanaidi