Wananitaka niwe mwenyekiti, na nyumbani sionekani

Shangazi, shikamoo.

Nimelizungusha jambo hili kichwani muda mrefu, na kila ninayemweleza ananijibu haraka mno. Mwenzangu kazini anasema acha. Mama yangu anasema kazi ya heri haiachwi. Mume wangu anasema "wewe amua tu", na ukiwa umeolewa unajua maneno hayo yana uzito gani.

Niko katika kikundi cha wanawake tunaochanga fedha na kuzitoa kama ruzuku kwa taasisi ndogo. Mtindo huu ulipata umaarufu kupitia wanawake wa Cincinnati, Marekani, walioanza mwaka 2001: wanawake 100, kila mmoja dola 1,000, zinatolewa ruzuku ya mkupuo, na kila mwanamke ana kura moja. Sisi kwa fedha hatufiki huko, ila kanuni ni ileile. Ukitutazama kwa nje utadhani kazi ni kuchanga na kupiga kura. Kumbe kuna kusoma maombi ya ruzuku, kulinganisha bajeti na hesabu za mwaka uliopita, kupiga simu kuuliza kwa nini mishahara imefichwa kwenye "mengineyo", kwenda kuuona mradi wenyewe, kisha kuandika taarifa ambayo wanachama wengi wataipitia juujuu dakika za mwisho. Hiyo ni kazi ya kamati, na kamati naiongoza mimi. Kwa kuwa ni mhasibu, kila karatasi yenye tarakimu inaletwa kwangu.

Wanaochanga ni wengi, wanaosoma ni wachache. Wapo wanaotoa mchango mwanzoni mwa mwaka na kuonekana tena siku ya kupiga picha na waliopata ruzuku. Siwalaumu sana, maana bila fedha zao hakuna cha kugawa. Lakini msimu wa maombi unaangukia wakati ule ule tunapofunga hesabu ofisini, na mtoto wangu mkubwa yuko darasa la mtihani. Mdogo ameshazoea kuwaambia watu "mama yuko kikaoni" hata nikiwa chumbani nimelala.

Sasa mwenyekiti wetu anamaliza muhula na wananitaka mimi. Na bosi naye ameniomba nishike ukuu wa idara.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Ofisini napitisha malipo ambayo wengine wameshayaamua. Nyumbani naulizwa soksi ziko wapi. Kwenye kikundi naweza kusimama nikasema taasisi hii haijui kuandika maombi ila kazi yake ni ya kweli, nimeiona kwa macho, na watu wakabadili kura. Kwa hiyo nikiambiwa "punguza kitu kimoja", kitu kinachotajwa kwanza ndicho pekee nilichojichagulia mwenyewe.

Mume wangu hajawahi kunikataza. Anapika, anawapeleka watoto shule, wala hasimangi. Aliwahi kuniambia tu kwamba uchovu nauleta nyumbani na uchangamfu naupeleka kule. Nilikosa jibu, na bado sina.

Nimependekeza uongozi wa watu wawili. Wakongwe wanasema tutavutana. Nikapendekeza tumlipe mtu afanye mchujo wa kwanza wa maombi, wakaruka: kila senti ni ya walengwa! Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Ombi lililosomwa na mtu anayesinzia linaweza kupeleka ruzuku nzima pasipostahili, na hasara hiyo ni kubwa kuliko malipo ya msaidizi.

Shangazi, naomba unishauri. Nikubali kwa masharti yaliyoandikwa, wenyeviti wawili na msaidizi wa kulipwa, wakikataa nibaki mwanachama wa kuchanga na kupiga kura? Au masharti ni njia yangu ya kukataa bila kutamka? Na cheo cha ofisini, kinaongeza mshahara lakini kinakula jioni zangu zilizobaki. Nacho nikipime kwenye mizani hiyo hiyo, au kazi inayolipa ada ya shule haina mjadala?

Uchaguzi ni mwezi ujao, na bosi anataka jibu kabla ya hapo. Nianze kuzungumza na nani?

Ni mimi,
Mama Makabrasha